Kioo cha Mbele

Harufu ya sabuni ya kipande juu ya mpira mpya hunirudisha uani kwetu Kitengela, kwenye gari dogo la mbio ambalo baba aliliunda mwenyewe kwa kuiga picha ya gazeti. Lilibakia kutiwa kioo cha mbele tu. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo cha gari hilo, na kikipasuka, hapakuwa na kingine.

Baba alikivisha kioo ukanda wa mpira, akapitisha kamba ndani ya mfereji wake, akapaka povu. Yeye alisukuma kutoka nje. Mama alikaa ndani, nami kando yake, avute kamba ili mdomo wa mpira uupande ukingo wa bati.

"Vuta kwa nguvu!"

"Baba watoto, huyu si ng'ombe amekwama matopeni."

Alivuta taratibu, kama anavyovuta uzi akitunga shanga. Kwenye kona ya mwisho kioo kililia. Baba akaondoa mikono, akafumba macho.

"Rudisha mikono," mama akasema.

Akairudisha. Kamba ikatoka yote, kioo kikatulia mahali pake.

Mama hakushuka. Alikuwa upande wa dereva.

"Sasa leta ufunguo."