Redio ya Bi Zuwena na Sauti Iliyokosekana

Iko Ijumaa moja ya Riyadh ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na kila nikisikia msichana wa kwetu amepata viza huwa inanirudia upya. Wewe umekuja kuniaga, begi liko tayari, na mama yako amekaa pale nje akijifanya anachagua mchele. Keti kidogo. Safari si leo.

Nilikwenda Saudia miaka ile wasichana wetu walipokuwa wakiondoka kwa makundi. Kila mtaa ulikuwa na ajenti, na kila kanisa lilikuwa na mtu anayeombewa safari. Nilikuwa bado kijana, mama wa mtoto mmoja, Mghoi, niliyemwacha kwa nyanya yake kule Taita. Nikapelekwa mtaa wa Suwaidi, hapo Riyadh, kwa madam Nura. Hakuwa mtu mbaya, sikuongopei. Ila alikuwa mkali wa sheria zake, na mojawapo ilikuwa kwamba simu ni ya kupigia nyumbani jioni kazi ikiisha, basi. Msichana aliyenitangulia alikutwa nayo jikoni, ikachukuliwa, na hakuiona tena mpaka siku ya kurudi kwao.

Kazi utaizoea, mwanangu. Kisichozoeleka ni ule ukimya. Unaweza kuishi katikati ya mji mkubwa na wiki ikapita hujasikia mtu akikuita jina lako jinsi linavyoitwa kwenu. Ndiyo maana tukawa na redio.

Nasema redio kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Mnara haikuwa nao wala studio. Lilikuwa kundi la simu tu, na mwenye kuliendesha alikuwa Bi Zuwena, mama mtu mzima wa Kizanzibari aliyekaa Jeddah. Wazazi wake walihama naye kutoka Unguja baada ya mapinduzi, angali mtoto. Akasomea kule, akaolewa kule, akazeekea kule, lakini Kiswahili chake hakikuingiwa hata vumbi. Kila Ijumaa asubuhi alirekodi mazungumzo sebuleni kwake, akatutumia. Mara mgeni wake ni dereva Mkenya anayetueleza habari za ikama, kile kibali cha kuishi, na kwa nini usikubali kafili, mwajiri wako, akakaa nacho bila wewe hata kukiona. Mara ni muuguzi. Mara ni mama anayelea wanawe kwa simu. Kisha Bi Zuwena hutuuliza swali, nasi humjibu kwa sauti zetu, wa majumba ya Al-Hamra kule Jeddah na sisi wa Riyadh. Mimi nilisikiliza mchana, wenye nyumba wamelala, waya wa sikioni nimeuficha ndani ya mtandio, napiga pasi kanzu za watu huku nikicheka peke yangu.

Tulijuana kwa sauti, mwanangu. Sura hatukuzijua. Kulikuwa na binti mmoja wa Kaloleni aitwaye Kadzo, mwenye tabia ya kucheka kwanza ndipo aseme. Naye alikuwa Suwaidi kama mimi, akimhudumia bibi kizee, na hatukuwahi kuonana hata siku moja. Mtaa ni mkubwa, na sisi hatukuwa watu wa kutoka.

Wiki moja, katikati, Kadzo alituma sauti. Hakucheka. Alisema, "Jamani, tumbo lanikata huku upande wa kulia, na chakula hakikai. Nadhani ni baridi ya hii AC. Itaisha tu."

Tukampa pole. Huyu akamwambia achemshe tangawizi, yule akamwambia anywe maji ya ndimu, wengine wakamtumia dua na zaburi. Kisha kila mmoja akarudi kwenye vyombo vyake.

Ijumaa ikafika. Nikapanga nguo zangu, nikatia waya sikioni. Badala ya "Karibuni barazani, wanangu," kama ilivyokuwa desturi yake, nikamsikia Bi Zuwena akivuta pumzi.

"Wanangu, leo sina mgeni," alisema. "Nimezisikiliza sauti za wiki nzima, moja baada ya moja. Kadzo kasema anaumwa. Pole zimejaa humu. Hakuna aliyemuuliza, mwenzetu, wakaa nyumba gani? Na mimi mkubwa wenu ndiye wa kwanza kutouliza. Tangu juzi simu yake haipatikani. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji, hupikiwa, akaletewa. Sisi uji wenyewe hatukupika, tumeutaja tu. Pole haimponyi mtu, wanangu. Sasa nani yuko Suwaidi? Nani anakumbuka Kadzo alipata kusema nini kuhusu pale anapokaa?"

Nilisimama na pasi mkononi. Hakumtaja wa kulaumiwa kwa jina, lakini maneno yale yalimfika kila mmoja wetu kwa kipimo chake. Nikakumbuka Kadzo aliwahi kusimulia kwamba dirisha lake linatazama shule ya wasichana yenye lango la kijani, na alfajiri anaamshwa na harufu ya mkate kutoka duka la pembeni. Shule ile niliijua. Ndiyo aliyosoma Sara, binti wa madam wangu, na mkate wa nyumba yetu ulinunuliwa papo hapo.

Hapo ndipo moyo ulipogawanyika. Mwenyewe nisingeweza kutoka. Ijumaa ofisi zote, hata ubalozi wetu, zimefungwa. Wa kuniwezesha alikuwa madam, na kumwambia madam ni kumwambia pia kwamba nina simu mfukoni saa za kazi, na kwamba nazungumza na watu asiowajua. Nikamfikiria Mghoi, ambaye wakati ule alikuwa ndio anaanza kusoma na kila jioni lazima anisomee ukurasa. Simu ikienda, sauti ya mwanangu imekwenda. Aliye kando haangukiwi na mti, nikajiambia. Nikakunja kanzu moja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Kisha nikazima pasi.

Madam alikuwa ameamka, anakunywa kahawa. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini siku ile kilitosha.

"Madam, nina neno."

"Sema."

"Kuna msichana wa kwetu, anaumwa sana. Yuko karibu na shule ya Sara. Hajibu simu."

"Umemjuaje? Wewe hutoki."

"Kwa simu, madam. Nasikiliza wenzangu nikipiga pasi."

Akautazama ule waya uliokuwa umening'inia shingoni. Niliona uso unabadilika, nikajua halas, simu yangu imekwenda.

"Anaumwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole, hapa, chini kulia. Madam Nura akaweka kikombe. Alichofikiri wakati ule sikijui mpaka leo, na sikuthubutu kumuuliza baadaye. Alisema tu, "Vaa abaya. Yalla," akamwita Osman, dereva wetu Msudani.

Pale dukani Osman alimuuliza muuza mkate kama anajua nyumba yenye kizee na binti wa Kenya. Mtu yule akasema ndiyo, binti huja kila asubuhi, lakini siku hizi mbili tatu hajamwona. Akatuelekeza mlango.

Tulibisha mpaka nikadhani hamna mtu. Mlango ukafunguliwa na bibi kizee mwenyewe, ameshikilia ukuta. Madam alipomweleza, akasema binti amelala, amechoka tu, na asubuhi binti alimpa yeye bibi dawa na uji kama kawaida. Na ni kweli alimpa. Kadzo alikuwa akiinuka, anamhudumia bibi, kisha anarudi kulala akiuma shuka ili asisikike.

Tukamkuta katika chumba kidogo nyuma ya jiko, amejikunja, midomo imekauka. Simu yake ilikuwa sakafuni, imezimika chaji, na maumivu yalimzuia kuinama kuichomeka.

"Kadzo," nikamwita.

Hakufungua macho. "Hiyo sauti naijua," alisema. "Ni Wakesho. Redio imeanza?"

Mwanangu, nilikuwa nimejikaza njia nzima. Hapo machozi yalinishinda.

Nilipomshika mkono akaninong'oneza, "Usiwaambie. Wakijua mie mgonjwa watanirudisha kwetu, nami sijamfanyia mama lolote."

"Wameshajua," nikamwambia. "Wako hapa mlangoni."

Bibi kizee akamuuliza madam wangu binti anasema nini, madam akaniuliza mimi, nikawaeleza. Yule bibi akakaa kitini kama aliyesukumwa. "Nimrudishe?" akasema. "Nani angenishika mkono kunipeleka msalani? Nani hunifunga ushungi?" Akaanza kulia, kilio kidogo cha wazee kisicho na sauti. Kumbe Kadzo alikuwa akimwogopa mtu asiyejiweza bila yeye.

Osman akambeba mpaka garini. Hospitali walisema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na usaha umeenea. Walimpasua jioni ile ile. Mtoto wa bibi kizee, aliyekuwa safarini, akaja na ikama ya Kadzo na kuweka sahihi zote. Kadzo alikaa hospitali muda mrefu, na kuna wakati tulidhani tumempoteza, kwa maana homa ilikataa kushuka. Lakini Mungu akamrudisha. Alipopona alirudi kwa bibi yake, akakaa naye mpaka bibi alipofariki, ndipo akaja kwao. Leo ana duka la nguo Kaloleni na mapacha wasiosikia la mtu.

Na mimi? Usiku tulipofika nyumbani, madam alinyoosha mkono. Nikamkabidhi simu. Ikakaa kabatini kwake, na mimi jioni zangu zikawa ndefu sana. Ilimuuma nani? Iliniuma mimi, na ilimuuma Mghoi, ambaye hakuelewa. Sitakudanganya kwamba wema hulipwa papo hapo. Kisha adhuhuri moja madam akaja jikoni, akaiweka simu mezani karibu na vitunguu. "Muulize yule msichana anaendeleaje," akasema. "Na umsalimie." Tangu hapo hakuitaka tena.

Bi Zuwena naye alibadilisha desturi ya baraza. Mgeni akiingia katika redio yetu, kabla ya kuulizwa jambo lolote alitakiwa kueleza anapolala, jirani na kitu gani, na nani wa kuulizwa siku akitafutwa. Na Kadzo alipopata nguvu alimkaribisha, wakazungumza Ijumaa nzima kuhusu woga. Nakumbuka Bi Zuwena alimwambia taratibu, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio hicho, mwanangu, wewe hutakuwepo kukisikia. Tutakisikia sisi."

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Ukifika huko, kabla hujatafuta picha nzuri ya kutuma nyumbani, tafuta mtu mmoja wa lugha yako ajue mlango wa nyumba unayolala. Ukiumwa, sema siku ya kwanza, umwambie mwenye nyumba kwanza. Huenda akawa na moyo usioutarajia, na akikosa moyo, umwambie anayejua mlango wako. Usiweke woga wa kurudishwa mbele ya uhai, maana anayerudi mzima anaweza kwenda tena. Na mwenzako akikwambia anaumwa, pole mpe, ni adabu yetu, lakini usiishie hapo. Muulize yuko wapi, uende, au umtume anayeweza kwenda. Kama kwenda kwako kutakugharimu kitu unachokipenda, kikuume, lakini nenda.

Haya, inuka ukamsaidie mama yako huo mchele. Mungu akufungulie nyumba yenye watu wa huruma, akupe wenzio wa kukuita jina lako, akulinde mwili na akili, na akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe, mama yako akiwa hai wa kukupokea. Amina.