Mama Anachagua Kisu

Mama yangu anaishi Sironga, na kisu chake cha kukunja hakikosi mfukoni mwa sweta, hata siku ya kwenda kanisani. Kwa hiyo niliposikia kimejikunja na kumkata kidole akikata kamba ya mzigo wa majani ya ng'ombe, nilifunga kibanda changu mjini Kisii nikaenda kumwona.

Jeraha lilikuwa dogo. Hasira ndiyo ilikuwa kubwa.

"Makali hayana kosa," aliniambia. "Kosa ni la hii loki." Alinionyesha kile kichuma kinachozuia kisu kisijikunje: kilikuwa kimelika, ukikigusa tu kinaachia.

Kidole kilipopona, tuliingia naye sokoni Kisii. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alimpa kisu kinachong'aa.

"Mama, hiki ni moto! Kinanyoa ndevu."

"Mimi sina ndevu," Mama akajibu.

Alikifungua, akasikiliza kama kitalia ta! Akakitikisa kushoto na kulia. Kisha akashika mpini kwa pembeni, vidole mbali na njia ya makali, akabonyeza mgongo wa kisu polepole kwenye ukingo wa meza. Kikajikunja. Akachukua cha pili, nacho kikajikunja.

"Mama, utaniharibia mali!"

"Afadhali kiharibike hapa kuliko kidole changu."

Watu walianza kukusanyika, nami nikatamani ardhi inimeze. Kijana, kwa kujitetea, akachomoa kile alichokuwa akitumia mwenyewe kukatia maboksi. "Hiki siwezi kukuuzia, lakini kijaribu uone chuma." Mama akakibonyeza. Kikalala kama mtoto aliyeshiba. Kijana akavitazama vidole vyake, akavihesabu kwa sauti, na soko zima likaangua kicheko, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote.

Hapo akabadilika. Akainama, akatoa visu vingine chini ya meza, akaanza kuvijaribu pamoja na Mama, vibovu akivitupa kwenye ndoo. Kimoja kilikuwa na loki imara kabisa, lakini Mama alishindwa kuifungua kwa kidole gumba.

"Hiki pia hapana. Nisipoweza kukikunja mwenyewe nitakiacha wazi shambani, nikikalie."

Mwishowe alipata chenye mpini wa mbao. Loki iliingia hadi mwisho, bapa halikucheza hata kidogo, na alikikunja bila kukunja uso. Alikipenda mara moja. Nilijua kwa jinsi alivyokitia mfukoni kabla sijalipa.

Siku hizi nikipita pale, yule kijana haniulizi kama nataka kununua kitu. Ananiita kutoka mbali, "Dada, Mama anakuja lini? Nimepokea mzigo mpya, na sijapanga kitu mezani. Namngoja yeye."

Mama naye, nikimpa salamu hizo, hujifanya hana nafasi, kisha huuliza siku ya soko ni lini.