Kuoga na Kangaga la Mama

Mama yangu ni fundi cherehani, ila mtaani wanamwita Mama Msitu. Kisa kangaga, lile la kwenye chungu lenye majani yanayoning'inia kama manyoya. Halitoi ua wala tunda, kazi yake kudeka. Likipigwa jua, linanuna. Likipata upepo, linanuna. Basi Mama akalitundika bafuni linywe mvuke. Kwetu ukioga, unaoga na mgeni.

Alipewa na Bibi, na Bibi hatunaye tena. Vipande Mama alivyowagawia majirani vilikufa vyote. Watu waliviweka getini juani ili vionekane. Likabaki hilo moja.

Wiki iliyopita akaenda kumuuguza dada yake. Akamwambia Baba, "Maji kidogo tu. Usiliguse!"

Sasa Baba na sifa zake, akachungulia chini ya majani, akaona vidoa vya kahawia vimejipanga mistari. "Wadudu hawa!" Akashika sponji na sabuni ya vyombo, akasugua jani moja moja. Povu lililobaki akalimimina chunguni, eti wafe na watoto wao.

Mama aliporudi, majani yalikuwa meusi.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nimekuulia wadudu, mke wangu."

"Zile ni mbegu zake! Ndivyo linavyozaa!"

Baba akajikuna kisogo. "Nilitaka ulikute linang'aa."

"Limeng'aa kweli. Kama maiti iliyooshwa."

Akakata majani yote, akabadilisha udongo, kikabaki kisiki. Kisha ikatoka amri: kila mtu aoge maji ya moto, mlango ufungwe, mvuke usitoke. Na joto hili! Baba anaoga asubuhi, mchana, jioni, anatoka kama kachemshwa.

"Mama, tutaiva sisi," nikamtania.

Akaenda kuhakikisha mlango wa bafu umefungwa. Kwenye cherehani kuna gauni la mteja lenye mkono mmoja tu, halijaguswa tangu arudi.

Leo asubuhi nimemkuta bafuni, kakalia ndoo iliyopinduliwa, kidole kazamisha kwenye udongo. Kikatoka na kipande cha mzizi, cheusi, laini, kinanuka.

Baba alikuwa mlangoni. "Mke wangu," akasema taratibu, "limekufa."

Mama akarudisha ule mzizi, akaufukia, akashindilia udongo vizuri kama anamfunika mtoto shuka.

"Nani hajaoga?" akauliza.

Sote tulikuwa tumeshaoga. Baba akavua viatu, akaenda kubandika maji.