Mbavu za Mama

Kinyozi wa mtaani kwetu ni mtu mpole, lakini Jumapili ile alifura kwa hasira. Mama yake, aliyebakiwa na meno mawili matatu, alikuwa ametamani mbavu za nguruwe. Basi asubuhi kinyozi alizikaanga, akatia vitunguu, tangawizi na nyanya, akafunika sufuria, akaziacha zitokote kwa moto mdogo mpaka nyama ikawa inaachana na mfupa yenyewe.

Alipokwenda kumwamsha mama, kaka yake mkubwa aliingia jikoni akajipakulia. Kinyozi aliporudi alimkuta analamba vidole.

"Kaka, hiyo ni ya mama!"

"Si ungesema? Njaa inaniuma."

"Mama hana meno. Wewe unayo yote, nenda katafune mawe!"

Alimpokonya sahani yenye vipande viwili vilivyobaki, akamwekea mama, aliyekuwa amekwisha kuketi mezani. Mama akaitazama, kisha akaisogeza kwa mwanawe mkubwa.

"Mwache mwenzio ale, baba. Huyu hajaoa, nani atampikia?"

Kinyozi alitoka, akaubamiza mlango, akaenda kufungua saluni siku ya mapumziko, akaanza kufagia sakafu iliyokuwa safi.