Mtu wa Ishirini na Saba

Jambo lenyewe liligharimu saa mbili na nusu za watu ishirini na sita, raba moja ya mguu wa kushoto iliyomezwa na tope, na bidoni la maji la lita ishirini lililopasuka ubavuni. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili. Kwa miaka mingi niliamini ndiyo bei yote.

Nimelikumbuka kwa sababu ya magoti ya mama. Wiki jana nilimnunulia kopo la mafuta ya kafuri sokoni. Muuzaji alitaja bei, nikaikata nusu, akaapa kwa jina la marehemu bibi yake, nikamwambia bibi yake angeniachia kwa robo, tukaelewana. Nilipofika nyumbani nikafungua kifuniko kuhakikisha limejaa mpaka juu, maana makopo ya siku hizi yana tabia ya kujaa juu na kuwa matupu katikati. Nikasikia harufu ya Jumapili asubuhi.

Kwetu Buyenzi watu walikimbia Jumapili, na bado wanakimbia. Miji mingine sijui, lakini Bujumbura mtu hakimbii peke yake kama aliyeiba kuku. Anakimbia na kundi, safu za watatu watatu, wimbo mmoja na mguu mmoja. Kabla ya kuondoka walijipaka kafuri kwenye mashavu ya miguu, kopo likipita mkono kwa mkono, na mtaa mzima ukanuka dawa kabla ya chai.

Mkubwa wa kundi tulimwita Kapiteni. Alikuwa fundi wa injini, na ukapiteni wake ulitokana na kuwa na filimbi. Alitangulia mbele kwa baiskeli, bidoni la maji limefungwa ubavuni kwa mpira wa tairi. Kwenye kibebeo cha nyuma nilikaa mimi, mtoto wa miaka kumi, mgongo wangu umeegemea mgongo wake, uso umewaelekea wakimbiaji. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu. Waliniita Karani.

Ndiyo maana bonde la Rusizi nalijua kinyumenyume. Wengine waliona kinachokuja, mimi niliona kilichokwisha kupita. Tukienda njia ya Gatumba, milima ya Kongo iliwafurahisha wao. Mimi nilipigwa na jua la mashariki machoni na kutazama mji ukipungua mpaka ukatosha kiganjani. Njia ya mpunga ndiyo niliyoipenda. Tulipita Mutakura, nyumba zikaisha, na bonde likatandazwa pande zote kama sinia. Weka yai barabarani asubuhi, jioni utalikuta palepale, kama hakuna aliyelikaanga. Mitende ilinitokea begani mmoja mmoja, halafu ikasimama nyuma yetu kama watu waliokataa kuja. Kulikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, baiskeli zilizobeba mkaa kuliko zinavyoweza, na mvuke mweupe juu ya majaruba. Kisha mfereji wa kumwagilia, kilomita mbili zilizonyooka, kwenye njia nyembamba ambapo safu zilivunjika na kila mtu akaenda na mapafu yake, mpaka daraja dogo la kunywea maji.

Nilihesabu mara mbili: baada ya nyumba za mwisho za Mutakura, na darajani. Zamani mgeni mmoja aliwahi kuangushwa na jua, na hakuna aliyejua mpaka wachunga ng'ombe walipomleta jioni. Tangu hapo Kapiteni alikuwa na msemo: "Kwenda ni kwa miguu, kurudi ni kwa hesabu."

Niliruhusiwa kwenda kwa sababu ya kaka yangu Hamisi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, anakimbia safu ya nne, upande wa mto. Jumatatu moja aliumwa kichwa. Alhamisi malaria ilikuwa imemmaliza. Alizikwa kabla ya alasiri, na kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo mimi nilipewa ungo wa mchele nichambue. Kutoka chumba cha nyuma, wanaume walikokuwa wakimwosha, ikaja harufu ya kafuri. Nikajiuliza kwa nini wanajiandaa kukimbia siku ya Alhamisi. Nikaendelea na mchele. Nilitoa vijiwe arobaini na kimoja, nikavihesabu tena, vikawa arobaini na kimoja. Shangazi akasema, mtoto huyu ana moyo wa jiwe, halii. Kweli sikuwa nalia.

Baada ya msiba shangazi huyohuyo akauliza msichana anapanda baiskeli ya fundi kwenda wapi, na kaka yake hayupo. Kapiteni akaja kujadiliana na mama. Alikaa kwenye mkeka, akanywa chai glasi mbili, ndipo akasema.

"Mama Hamisi, bila huyu sijui nimeondoka na wangapi."

"Tafuta mwingine anayejua kuhesabu."

"Wanaojua wapo. Wanaohesabu mara mbili hawapo."

Mama akafikiri. "Siku atakayokosea hesabu, anabaki jikoni."

Wakakubaliana. Mimi nilikuwa mlangoni nasikiliza bei yangu. Nyumbani kulikuwa na godoro lililokunjwa, na watu wanaozungumza taratibu. Ile baiskeli ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyenitazama usoni.

Kapiteni alitoa amri: nafasi ya Hamisi itabaki wazi mpaka arobaini ipite. Safu ya nne ikawa na wawili. Upande wa barabara alikimbia Idi kinyozi, mtu wa mdomo. Katikati alikimbia Baraka, Mkongomani aliyevuka mpaka na kujiunga nasi wiki mbili baada ya msiba. Alibeba mizigo kule Quartier Industriel, eneo la viwanda, na alikuwa na kifua cha kazi hiyo. Alipangwa pale na kuambiwa kitu kimoja tu: usisogee kushoto. Mgeni hana haraka ya kuuliza. Hakuuliza.

Jumapili yenyewe tulichukua njia ya mpunga. Mutakura vijana kadhaa tusiowajua wakaruka ndani ya safu za nyuma, kama ilivyo desturi. Barabara haina mlango. Nyumba zilipokwisha nikahesabu kwa safu. Safu tisa, watatu watatu, ishirini na saba. Nikarudia. Ishirini na saba.

Darajani nilihesabu kwa vikombe, kwa sababu kila mtu alipewa kikombe kimoja. Ishirini na sita. Nikahesabu vichwa, wamelala kwenye nyasi. Ishirini na sita.

"Kapiteni, mmoja hayupo."

Idi hakuinua hata kichwa. "Karani, labda kule mwanzo ulihesabu na ng'ombe."

Wakacheka kidogo. Kapiteni hakucheka. Akawaita wa Buyenzi kwa majina, wote wakaitika. Basi aliyepotea alikuwa mgeni. Akawauliza wale wa Mutakura wamekuja wangapi.

"Sisi tulikuwa wane," mmoja akasema.

"Apana, mi nilikuja peke yangu. Hawa siwajui."

"We unanidai tangu mwezi jana, leo hunijui?"

Hapo wakacheka vizuri, halafu wakageuka kutazama maji, kwa sababu jibu halikuwa limepatikana na mfereji ulikuwa unapita pale pale, wa rangi ya chai ya maziwa, usioonyesha kilichomo.

"Mutu anaweza kuwa mu maji," Baraka akasema. Alikuwa ameshaanza kuteremka.

Kapiteni akachutama mbele yangu. "Kule mwanzo ulihesabu vipi?"

"Kwa safu. Safu tisa, watatu watatu."

Akanitazama muda mrefu, kama anavyotazama gari linalounguruma ilhali betri yake ameishika mkononi. Nilidhani anatafuta kosa, nikakaza uso. Akasimama.

"Haya," akasema. "Turudi mfereji wote. Polepole."

Tukarudi. Wengine walipita ukingo huu, wengine ule, wakipekua matete kwa fimbo. Baraka alitembea ndani ya maji, yamemfika kiunoni, akipapasa chini kwa miguu. Hapo ndipo raba yake ilipobaki. Mara akasimama.

"Tunaita nani? Jina lake nani?"

Basi yeye akawa anaita, "Weee, ndugu. Weee, ndugu," na sauti ikaenda mbali, maana bondeni hakuna kitu cha kuirudisha.

Nilitembea ukingoni nikiwatazama. Saa ya kwanza walitafuta kama watu wanaotafuta. Kisha niliona Idi amemsogelea Kapiteni, wakanong'ona, na Idi akakaa chini na kushika kichwa. Neno likapita mtu kwa mtu kama lile kopo la kafuri. Baada ya hapo wakawa wanatembea mikono nyuma, hatua fupi, bila fimbo. Aliyebeba bidoni aliliacha lianguke na hakugeuka. Wa kwetu hakuna aliyesema twende nyumbani.

Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mpunga akauliza tunatafuta nini.

"Mtu," Idi akasema.

"Wa namna gani?"

"Kijana. Mrefu. Anakimbia upande wa mto."

Nilisikia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningependa kuwaambia kwamba kitu kilivunjika ndani yangu, lakini nilichohisi ni kiu, na bidoni lilikuwa limepasuka.

Baraka alipanda kidogo kuvuta pumzi, maji yakimchuruzika. "Mi niko na kazi saa sita," akamwambia Kapiteni. "Lori ya simenti. Lakini mutu ni mutu." Akateremka tena. Kapiteni aliishika filimbi, akaiachia.

Jua lilipofika utosini filimbi ikalia. Wakajipanga barabarani, na Kapiteni akanipandisha kwenye baiskeli. Hapo nikaona kosa langu lilipo, kama unavyoona tundu kwenye kitenge ukishakilipia. Safu nane za watatu na moja ya wawili. Upande wa mto, kati ya Baraka na majani, palikuwa na upana wa mtu, na nyuma yake mpunga.

"Karani," Kapiteni akasema bila kugeuka. "Wangapi?"

Wote walikuwa wananitazama usoni, kitu nilichokuwa nakikimbia. Nikisema ishirini na sita, nimekosea, na Jumapili zangu zimekwisha. Na nikisema ishirini na sita ndiyo itakuwa ishirini na sita, kesho na keshokutwa.

"Ishirini na saba," nikasema.

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi wametimia. Turudi."

Hakuna aliyeuliza aliyepatikana ni nani. Isipokuwa mmoja.

"Nani alipatikana?" Baraka akasema. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, mwingine mtupu. "Alikuwa wapi?"

"Shika safu, ndugu," Idi akamwambia. "Usisogee kushoto."

Arobaini ikapita, nafasi akapewa mwosha magari mmoja, na hesabu yangu ikawa kweli bila mimi kufanya lolote. Niliendelea na baiskeli mpaka miguu yangu ikawa inagusa chini. Mama hakuambiwa. Kulia sikulia, si mwaka ule wala mwingine. Nimekisubiri kilio kama unavyomsubiri mteja aliyesema nafika benki narudi.

Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba Kapiteni alijua tangu pale darajani, na kwamba watu wazima walitembea juani saa moja na nusu wakimtafuta kaka yangu kwa sababu mimi nilikuwa sijamtafuta. Nimeisimulia hadithi hiyo harusini na msibani. Watu hupangusa macho. Niliona nimepewa zawadi, na zawadi hakuna anayeuliza bei yake.

Sasa mimi nauza vitenge. Siku mbili baada ya lile kopo la kafuri, akaja mteja mwenye mvi, kifua kipana, anataka vitambaa sita vya kufanana kwa harusi ya binti yake. Niliijua sauti kabla ya uso. Yeye hakunijua, alimwacha mtoto, akakuta mama mwenye mkasi. Tukawa tunavutana bei, na nje kundi la mbio likapita na filimbi yake. Akatikisa kichwa.

"Mi nilikimbiaga na watu wa Buyenzi," akasema. "Siku moja mutu akapotea mu mufereji. Nikaingia mu maji mi peke yangu, nikachelewa kazi. Kufika, chef wa kazi ameshaweka mwingine. Nikarudi kwetu ng'ambo, nimebeba mizigo miaka saba ndiyo nikasimama tena. Na unajua, dada, mpaka leo hakuna aliyeniambia walimupata nani."

Niliendelea kukunja kitambaa.

"Lakini alipatikana," akasema. "Hiyo ndiyo kitu."

Nikamtajia bei niliyonunulia mimi. Akakishika kitenge, akakigeuza, akanitazama kwa shaka.

"Mbona bei imeanguka? Kinatoa rangi hiki?"

"Hakitoi."

Amechukua vinne. Viwili vinakuja kutoka kwa muuza jumla, atavifuata Jumamosi. Nikimwambia, namnyang'anya mtu aliyepatikana, na simpi kitu cha kuweka mahali pake. Nikinyamaza, basi sisi sote tulipunguziwa bei siku ile, na yeye peke yake alilipa kamili, kwa kitu ambacho hakuambiwa kinauzwa. Punguzo la kitenge halifikii miaka saba, nimehesabu. Ninyi mliosoma mpaka hapa, mnaojua kupima mambo kunishinda, niambieni kabla ya Jumamosi: nimwambie alikuwa anamtafuta nani?