Programu imeona watoto wa komunyo ni mtoto mmoja

Leo nusura nipoteze komunyo ya kwanza ya parokia nzima.

Studio yangu ya hapa Misunkumilo ina picha elfu arobaini na moja, zimezagaa kwenye diski tatu. Nikaamua kutafuta programu ya kuzipanga.

Ya kwanza wanataka dola kila mwezi. Nikapiga hesabu, nikaifunga.

Ya pili ni ya bure, na inaondoa picha zinazojirudia. Nikabonyeza "safisha", nikaenda kunywa chai.

Narudi, diski ina nafasi tele. Nikafurahi, mjinga mimi.

Akaingia Mama Neema, katoka huko Mamba kufuata picha ya binti yake. Nikafungua folda ya komunyo.

Wasichana thelathini na nne. Imebaki picha moja.

Gauni jeupe, shela, mshumaa, na pazia langu la bluu nililowasimamisha wote mbele yake. Na huyo si Neema.

Mama akanitazama.

"Kwa hiyo, kaka, parokia nzima tumezaa mtoto mmoja?"

Nikafungua kapu la taka la kompyuta. Bahati, lilikuwa halijamwagwa. Vipicha vidogo vidogo, vyeupe vyote.

Kabla sijavikuza, mama akaweka kidole kwenye kioo. "Huyu."

Nikakuza. Neema kabisa.

"Umemjuaje?"

"Hiyo programu yako imezaa wangapi?"

Nimeifuta. Mwenye inayopanga bila kufuta aniandikie hapo chini. Za dola msinitajie.