Fundi na Filamu Iliyomcheka

Tuanze na uongo, tuumalize mapema. Fundi hakumfuata yule mwigizaji hotelini. Hakumwandikia barua arobaini. Hakulaza kipande cha shati lake chini ya mto, wala hakuzimia alipomwona. Wanaoyasimulia hayo kwenye foleni za benki na saluni waliyaona kwenye filamu, na filamu ile iliandikwa na kijana aliyekunywa chai ya watu siku tano, akashukuru kwa adabu zote, kisha akaenda kuwaanika.

Fundi ni binti wa walimu wawili. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipofariki. Mama yake alifundisha hadi akastaafu. Ndoa ya Fundi ilivunjika mtoto akiwa na miaka miwili, na nani aliivunja si hadithi ya leo. Alirudi kwao na cherehani moja, akafungua duka la kushona katika chumba cha mbele, na kwa miaka kumi na miwili amemlea binti yake kwa sindano. Hajawahi kumpa mteja nguo yake siku moja baada ya ahadi. Mnamjua fundi mwingine wa namna hiyo?

Kumpenda mwigizaji, alimpenda. Mwenyewe hakatai. Picha yake, iliyokatwa gazetini, ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la nyuzi. Fundi akifungua kuchukua uzi mweusi humwambia ile picha, "Hujambo, mume wangu?" na mama yake humjibu kutoka sebuleni, "Mwambie aache kucheka, alete posa!" Ulikuwa mchezo wa watu wawili ndani ya nyumba yao. Nani hana mchezo nyumbani kwake?

Kisha siku moja mwigizaji akaja kweli. Alikuwa mjini kwa onyesho, akataka shati la haraka, na hoteli ikamwelekeza pale. Alikaa dakika ishirini. Fundi akampima bega, kifua na mkono, akaandika vipimo kwenye daftari, akabana pembeni mwa ukurasa kipande kidogo cha kitambaa cha shati hilo, kama anavyofanya kwa kila mteja, ili siku nguo ikirudi kurekebishwa ajue rangi yake. Daftari hilo lina vipande zaidi ya mia sita, kikiwemo cha suti ya mchungaji na cha sare za wazima moto. Mwigizaji alisema, "Asante, dada," akaondoka. Kabati lilipata mchezo mpya kwa mwezi mzima, basi.

Miaka miwili baadaye akatokea kijana aliyeitwa Miwani na kila mtu, hata na wenzake. Alikuwa mwandishi wa kampuni ya filamu. Walitaka kupiga picha ndani ya duka.

"Ni hadithi ya mapenzi, dada, lakini ya kuchekesha," alisema. "Watu watampenda huyo fundi."

Alikuja siku tano. Siku ya tatu akaomba ashonewe shati, na hapo ndipo Fundi alipokosea. Katika duka lile watu husema wakiwa wanapimwa. Mtu akishasimama, amenyoosha mikono kama anayejisalimisha, hutoa ya moyoni: ugonjwa, deni, mume. Fundi ana pini mdomoni. Husikiliza, na akizitoa pini hizo harudii neno kwa mtu. Alijifunza hivyo kwa fundi aliyemfundisha, na wateja wote wanalijua hilo. Basi Miwani aliposimama na kuanza kusema yake, mazito, Fundi alimwona kuwa mtu wa ndani. Naye akamsimulia yake: kabati, picha, dakika ishirini, kipande. Walicheka pamoja. Alisahau kwamba sheria ile inamfunga fundi. Mteja haimfungi.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Jumamosi mchana. Familia ikapewa viti vya mbele. Mama yake Fundi alivaa gauni aliloagia shule siku ya kustaafu. Mtoto, mwenye miaka kumi na minne sasa, alikuja na rafiki zake wawili wa darasani, amewaambia kila mmoja, "Ni duka letu lile! Mtaona."

Wakaona. Waliona mwanamke anayepiga mayowe kila simu ikilia. Waliona bibi anayekoroma kinywa wazi, na mtu aliyepita darasani kwa bibi wa kweli anajua kwamba hakuwahi hata kupiga miayo mbele ya watu. Cherehani ilizunguka dakika tatu nzima bila uzi kwenye sindano, na hakuna hata mmoja kati ya watu sitini walioandikwa majina mwishoni aliyeliona hilo. Uvivu wa namna hiyo ndio unaoitwa sanaa siku hizi. Hata utani wenyewe ulikuwa mbovu: mwanamke anateleza, mwanamke anakunywa maji ya pasi, mwanamke ananusa kile kipande na kukilalia. Ukumbi ulicheka kwa sababu uliambiwa ni kichekesho.

Lakini la kuua lilikuja mwishoni. Mtoto wa kwenye filamu alimkimbilia mwigizaji, akamshika suruali, akalia, "Uwe baba yangu! Mimi na mama tumekusubiri!" Mwigizaji, ambaye alicheza kama yeye mwenyewe, akampapasa kichwa na kupanda gari lake.

Wale rafiki wawili wa darasani walicheka. Kisha wakageuka kumtazama mwenzao.

Jumatatu shuleni alishapewa jina: Mtafuta Baba. Aliporudi alipita dukani bila salamu, akajifungia. Siku ya tatu akatoka na swali moja.

"Mama, ulimwambia yule mtu kwamba nataka baba?"

"Sikumwambia."

"Kabati ulimwambia. Kitambaa ulimwambia. Nitajuaje kama hilo hukusema?"

Kweli, angejuaje? Aliyemfungulia Miwani mlango ni Fundi mwenyewe. Mama yake alimfokea mjukuu, "Unamwita mama yako mwongo?" na Fundi akamzuia. "Mwache, mama. Ana haki ya kuuliza."

Siku kumi mtoto alikula peke yake. Wateja wengine waliingia wakiuliza, huku wakichekelea, "Mume hajambo?" Hayo aliyameza. Ila kila jioni sahani ya mtoto ilipopita mbele yake kwenda chumbani, hasira ilimpanda upya, na haikuwa na pa kushukia.

Ikapata pa kushukia. Jumamosi moja asubuhi, duka lina wateja wanne, waliingia Miwani, mwigizaji na vijana wawili wenye kamera.

"Dada yangu!" alisema Miwani. "Filamu imewaka! Tunataka kipande kifupi cha mtandaoni. Unampima staa, mnacheka, halafu mtoto anamkimbilia. Yupo?"

Pazia la nyuma lilitikisika. Fundi alitema pini kiganjani.

"Kamera chini kwanza. Nyote wawili. Miwani, njoo hapa. Nani alikwambia mwanangu anatafuta baba?"

"Ah, dada, ile ni filamu tu…"

"Nimekuuliza nani."

Miwani alitazama wateja. Mzee aliyekuwa akingoja kupimwa suruali alisema, "Jibu, kijana. Na mimi nilikuwa nataka kujua."

"Hakuna aliyeniambia," alisema Miwani taratibu. "Nilitunga. Mwisho ulikuwa umepoa, tulihitaji machozi kidogo."

"Machozi mmepata. Ni ya mtoto wa miaka kumi na minne. Umeyafurahia?"

Mwigizaji akajaribu kuingilia. "Dada, kwa kweli mimi nilisoma tu nilichoandikiwa."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Mwigizaji akarudi nyuma hatua moja.

"Na wewe, Miwani," Fundi aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa chini, ya kutisha zaidi. "Siku ile ulisimama pale ulipo. Ulinyoosha mikono, ukaniambia jambo. Unalikumbuka?"

Uso wa kijana ulibadilika. "Tafadhali, dada."

"Nimemwambia nani?"

"Sijasikia popote."

"Umenidhalilisha mbele ya mji mzima, na bado sijamwambia hata mama yangu mzazi. Wala sitasema. Sasa tokeni, kuna watu wamekuja kushona."

Walitoka. Kamera moja iligonga fremu ya mlango, na mzee wa suruali akacheka peke yake.

Mtoto alitoka nyuma ya pazia, macho mekundu. Hakuomba msamaha, wala hakuambiwa aombe. Alivuta kigoda, akachukua kalamu na kufungua ukurasa mpya wa daftari la vipimo.

"Sema, mama. Kiuno cha babu huyu wa suruali ni inchi ngapi?"

Jioni ile walikula watatu.

Tangu siku hiyo watu hawaachi kuuliza Miwani alisema nini alipokuwa akipimwa. Wameuliza kwa ujanja, wameuliza kwa zawadi; mmoja alifika mpaka sebuleni kwa bibi na kujifanya ameleta salamu za rambirambi za marehemu mumewe, zilizochelewa miaka saba. Fundi hajasema. Nyumba ile haisemi ya wateja wake. Na hapa pia hayatasemwa.